Nimetoka mbele mara nne, na mzigo bado ninao

Swali: "Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Nina miaka 31. Nimeongozwa sala ya toba mara nne. Kila mara nalia mpaka sauti inakauka, naondoka nikiwa mwepesi, na baada ya siku chache mzigo unarudi pale pale. Miaka mitatu iliyopita, nikiwa kazini, nilighushi stakabadhi nikawa nachukua fedha kidogo kidogo. Ukaguzi ulipofanyika, lawama zikamwangukia mwenzangu tuliyekuwa tunakaa naye ofisi moja. Akafukuzwa. Mimi nilinyamaza. Mhubiri mmoja ameniambia damu ya Yesu imeshafuta, nisifukue makaburi. Mwingine ameniambia nisipolipa zote sijaokoka. Toba ya kweli ni ipi? Na mimi, nimeokoka au sijaokoka?"

Jibu:

Dada yangu, asante kwa kuliandika jambo hili lilivyo, bila kulipamba. Barua yako nimeisoma mara kadhaa, na kila mara nimekwama kwenye maneno mawili: "Mimi nilinyamaza." Hapo ulikuwa umeshamaliza habari za fedha. Ulikuwa unamwandika mtu. Nitarudi kwake, maana naamini ndiye anayekurudia wewe kila baada ya siku chache.

Kwanza machozi. Sitaki mtu yeyote akwambie yalikuwa ya uongo. Lakini Kiswahili kinatupa maneno mawili ambayo makanisani tunayachanganya: kujuta na kutubu. Kujuta ni kuumia kwa sababu ya jambo lililopita. Kutubu ni kurudi. Neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu, na kwao asili yake ni kurudi, sawa na shub, neno la Kiebrania ambalo manabii walilitumia kuwaita watu wamrudie Mungu wao. Mitume walioandika Kiyunani wakatumia metanoia, nia iliyogeuka. Mtu anaweza kujuta miaka kumi akiwa amekaa pale pale alipokosea. Kutubu kunadai uondoke mahali fulani, na kunadai awepo unayemwendea.

Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba ipo huzuni iliyo kwa jinsi ya Mungu, iletayo toba, na ipo huzuni ya dunia, ifanyayo mauti. Zote mbili zina machozi, kwa hiyo ukizipima kwa machozi hutazitofautisha. Sauli na Daudi, wafalme wa Israeli, wote walisema wamekosa. Sauli alipomwambia nabii Samweli "nimekosa", sentensi haikuishia hapo, aliendelea kumsihi, "uniheshimu sasa mbele ya wazee wa watu wangu." Aliungama huku mkono mmoja umeshika heshima yake isianguke. Daudi, nabii Nathani alipomwambia "wewe ndiwe mtu huyo", alisema amemfanyia Bwana dhambi, akanyamaza. Hakuwa na "lakini". Nakuomba uketi ukumbuke zile mara nne: ulipokuwa unalia, ni kitu gani ulikuwa bado umekishika?

Sasa nikupeleke kwa watu wawili walioanguka usiku mmoja, Yuda na Petro. Hapa ndipo palipo na uzito kuliko mahali pengine pote katika swali lako, kwa hiyo univumilie nikikaa kidogo.

Mathayo 27 inasema Yuda alijuta. Tazama na aliyoyafanya baada ya kujuta. Alirudisha vipande thelathini vya fedha, vyote, bila kupunguza hata kimoja. Aliungama kwa kinywa chake, tena waziwazi, kwamba ameisaliti damu isiyo na hatia. Hakumsingizia mtu, wala hakusema ni shetani aliyemtuma. Kwa kipimo cha yule mhubiri wako wa pili, Yuda alikuwa amemaliza kila kitu: amejuta, ameungama, amelipa zote. Lakini alizipeleka kwa wakuu wa makuhani, nao wakamjibu, "Basi, haya yatupasani sisi? Yaangalie haya wewe mwenyewe." Akaenda kuyaangalia mwenyewe, na tunajua mwisho wake. Yesu, yule Mmoja aliyemkosea, ambaye usiku ule ule alikuwa amemwita rafiki, Yuda hakumrudia.

Wapo wanaosema siri iko kwenye Kiyunani, kwamba neno lililotumika kwa Yuda ni tofauti na metanoia. Ni kweli ni tofauti, lakini neno hilo hilo limetumika katika Mathayo 21 kwa yule mwana aliyesema "Sitaki", kisha akatubu akaenda shambani. Kwa hiyo usitegemee kamusi peke yake. Yule mwana aliondoka akaenda alikotumwa na baba yake, na Yuda akaenda peke yake gizani.

Petro naye alimkana Yesu mara tatu, akiota moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu. Akatoka nje akalia kwa majonzi. Ungewaweka Petro na Yuda pamoja, usingeweza kuwatofautisha kwa majuto. Siku zikapita, Yesu akafufuka, na asubuhi moja ufukweni wanafunzi wakashuka chomboni wakakuta moto wa makaa. Yohana ndiye aliyetaja moto wa makaa pale uani, na ndiye anayeutaja tena hapa. Katika Agano Jipya lote neno lile la Kiyunani halipatikani kwingine. Petro aliusikia ule moshi. Kisha akaulizwa mara tatu, "Wanipenda?", na mara ya tatu akahuzunika. Bwana wake angeweza kusema tu "yaliyopita yamepita, usifukue." Badala yake alimrudisha kwenye moto ule ule, kwa idadi ile ile ya maswali, akamponya palipokuwa na jeraha.

Unaposema mzigo unarudi pale pale, ndiyo maana sikimbilii kukwambia ni adui anakushitaki. Mshitaki hutupa lawama isiyo na mlango, "wewe ni mbaya tu, huwezi kubadilika", na ukimwuliza ufanye nini hana jibu. Roho Mtakatifu huja na jambo lenye jina, tarehe na anwani. Wewe umeniandikia stakabadhi, miaka mitatu, ofisi moja, mtu mmoja.

Sala ya toba uliyoongozwa, siidharau. Wengi walianza safari yao hapo, na Warumi 10 inasema wazi kwamba kumkiri Yesu kwa kinywa kunakwenda pamoja na kumwamini moyoni. Lakini ni vizuri ujue kwamba utaratibu wa kutoka mbele na kufuatisha maneno ya mhubiri si agizo la mitume. Mtindo huo ulishika sana karne ya 19; katika miaka ya 1830 mhubiri Mmarekani Charles Finney alijulikana kwa kuwaita watu waliochomwa moyo waje kuketi benchi la mbele waombewe. Ni njia ya kuwasaidia watu, basi. Tatizo letu wahubiri ni kwamba tumeifanya mhuri: ukishafuatisha, tunakutangazia umeokoka, tunakuandika kwenye daftari, tunaendelea na wimbo. Hatukuulizi umetoka wapi wala unakwenda wapi. Nimewahi kufanya hivyo mwenyewe, tena kwa miaka, na nasikitika.

Lugha yetu nayo imetuchangia kidogo. Tunasema "nimeokoka", kama mtu anavyosema ameokoka ajalini, na katika umbo hilo la kitenzi aliyeokoa hatajwi. Ukisema "nimeokolewa", msikilizaji anataka kujua na nani. Paulo anawaambia Waefeso "mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani." Jaribu siku chache kusali ukitumia neno hilo. Utaona swali la "nimetubu vya kutosha?" linaanza kukosa mahali pa kukaa, kwa sababu mzungumzwaji mkuu si wewe tena.

Nije kwa wahubiri wako wawili.

Wa kwanza alikwambia usifukue makaburi. Nadhani alikuonea huruma. Lakini, dada yangu, mwenzako hajafa hata awe kaburi. Yupo mahali, anatembea na jina la mwizi ambalo si lake. Labda kila akiomba kazi anaulizwa kwa nini aliondoka pale. Damu ya Kristo inafuta hatia yako mbele za Mungu. Haikutolewa ili uongo uliomwangukia mtu mwingine ukae salama chini yake. Nilikuwa kijana katika huduma nilipomwambia mzee mmoja maneno yale yale. Alikuwa amehamisha mpaka wa shamba akamdhulumu mdogo wake. Nikamwambia imefunikwa, songa mbele. Akanitazama akaniuliza taratibu, "Na mdogo wangu, naye amefunikwa?" Sikuwa na la kumjibu. Alikwenda mwenyewe akaurudisha ule mpaka, na mimi ndiye niliyejifunza toba siku ile.

Yesu alilisema hili kwa namna inayokugusa wewe moja kwa moja. Katika Mathayo 5 yuko mtu aliyeleta sadaka yake madhabahuni, na pale pale akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Anaambiwa aiache sadaka, aende kwanza akapatane na ndugu yake, ndipo arudi aitoe. Wewe umekwenda madhabahuni mara nne, na mara nne umekumbuka. Yeye aliyekukumbusha pale mbele alikuwa anakuonyesha mlango wa kutokea.

Mhubiri wa pili amekosea kwa upande mwingine, nami nalihofia kosa lake zaidi kwa mtu mwenye dhamiri kama yako, kwa sababu linafanana sana na uaminifu. Amekupa wokovu wenye bei. Ukilipa zote, umeokoka. Ukibakiza kidogo, hujaokoka. Na ukipoteza kazi kabla ya kumaliza? Na ukifa kesho? Kumbuka yule mwana mpotevu. Njiani alikuwa ameitunga hotuba yake: nimekosa, sistahili kuitwa mwana wako tena, nifanye kama mmoja wa watumishi wako. Isome tena Luka 15 polepole. Alipofika, alisema nimekosa, alisema sistahili, na sentensi ya kuajiriwa haikutoka kinywani mwake. Baba alikuwa ameshamwangukia shingoni, na sasa anaagiza vazi na pete. Kijana alikuja na mpango wa kulipia nafasi nyumbani, na mpango ule haukupata hata dakika ya kusikilizwa.

Zakayo, yule tajiri mtoza ushuru, vile vile. Tunapenda kuhubiri mara nne zake, lakini mfuatano wake ndio wenye injili. Yesu alimwita kwa jina akiwa bado juu ya mkuyu, na fedha za watu zingali mfukoni mwake, akamwambia leo imenipasa kushinda nyumbani mwako. Ndipo Zakayo akasimama akatangaza nusu kwa maskini na mara nne kwa aliyemnyang'anya. Torati, kwa aliyeungama mwenyewe, ilidai arudishe alichochukua na kuongeza sehemu ya tano (Hesabu 5). Yeye alipita hapo mbali sana. Mtu anayenunua msamaha hapandishi bei mwenyewe. Alikuwa ameshapewa kitu kikubwa mno, mkono wake ukafunguka.

Kwa hiyo ndiyo, utarudisha fedha. Utazirudisha kama binti aliyekwisha kupokelewa mlangoni. Ukiwa na kidogo, utaanza na kidogo.

Lakini kwangu mimi fedha si jambo la kwanza kwako. Mtazame yule mnyang'anyi msalabani. Watu humtaja kuonyesha kwamba mtu anaweza kuokolewa bila kulipa chochote, nao wako sahihi. Mikono yake ilikuwa imepigiliwa, hakuweza kurudisha hata sarafu moja. Lakini kabla ya kusema "Ee Yesu, nikumbuke", alifanya jambo moja alilokuwa bado anaweza. Alimgeukia mwenzake aliyekuwa akitukana, akamwambia sisi tunapokea tuliyostahili, "bali huyu hakutenda lolote lisilofaa." Kwa pumzi iliyobaki alisema ukweli juu yake mwenyewe, akamsafisha asiye na hatia aliyekuwa pembeni yake.

Hayo ndiyo maneno unayodaiwa, dada yangu: huyu hakutenda lolote, nilitenda mimi. Hakuna aliyepigilia mikono yako.

Najua ninachokuomba ni kizito, kwa hiyo nikueleze namna, usije ukaenda kwa pupa ukaumiza watu zaidi. Anza na mtu mmoja mkomavu katika imani, anayejua kutunza siri, umweleze yote ana kwa ana. Kughushi stakabadhi ni kosa la jinai, basi mwone pia mwanasheria kabla hujampelekea mwajiri wako wa zamani barua yoyote. Hilo si kukwepa. Ni kujua unachokwenda kukibeba, ili usigeuke nyuma katikati ya njia. Andika kila unachokumbuka: kiasi, vipindi, jinsi ulivyofanya. Usitaje wengine wala usitafute wa kugawana naye lawama. Sema kwa mwajiri kwa maandishi kwamba yule aliyefukuzwa hakuhusika, kwa sababu neno la mdomo halitamsaidia akienda kutafuta kazi, na karatasi itamsaidia. Toa mpango wa kulipa ambao mfuko wako unauweza kweli. Kuahidi zote kwa mwezi mmoja ili usikike vizuri ni uongo mwingine.

Kwa mwenzako, tafadhali usiende na machozi yako ukamwachia kazi ya kukufariji. Mwambie ulichofanya kwa maneno mafupi, mwambie umeshakiandika na umempelekea nani, mpe nakala. Kisha nyamaza, sasa kwa sababu nyingine. Akikufokea, sikiliza. Akikufungia mlango, ondoka. Usimwambie "Biblia inasema lazima unisamehe". Msamaha wake ni wake, autoe siku atakayoweza au asiutoe. Na nakusihi usisimame kanisani kulitoa hili kama ushuhuda kabla yeye hajalisikia kutoka kwako. Nimeona mtu akishangiliwa kwa kuungama jambo ambalo aliyeumizwa nalo alikuja kulisikia kwa majirani.

Kuhusu mara ngapi mtu atubu, usihesabu. Hoja ya kwanza kabisa katika zile 95 za Martin Luther, mwanamageuzi wa kanisa kule Ujerumani, mwaka 1517, inasema Bwana wetu alipotuagiza kutubu alitaka maisha yote ya mwamini yawe toba. Utaanguka tena katika mambo mengine, kwa ulimi, kwa wivu, kwa uvivu wa kuomba, na utarudi tena. Mithali inasema mwenye haki huanguka mara saba akaondoka tena. Kuanguka njiani ni tofauti na kujenga nyumba kwenye shimo.

Sasa swali lako la mwisho, umeokoka au hujaokoka. Kwa barua siwezi kukupa cheti, na hata ningeweza nisingekupa, kwa sababu umeshapewa vyeti vinne na havikukutuliza. Ninachoweza kukupa ni neno la Yesu mwenyewe katika Yohana 6: "yeyote ajaye kwangu sitamtupa nje kamwe." Halina sharti la kiasi. Mwendee leo, kabla ya barua kwa mwajiri, kabla ya mwanasheria, ukiwa na stakabadhi zile zote mkononi, umwambie kama yule mtoza ushuru, uniwie radhi mimi mwenye dhambi. Yesu alisema mtu yule alishuka nyumbani kwake amehesabiwa haki. Nawe utakuwa umeokolewa na Yeye, jioni hiyo hiyo, na kesho yake utaamka uanze kuandika ile barua. Ukigundua kwamba ulikuwa wake tangu ile mara ya kwanza na ulikuwa tu unakwepa moto wa makaa, si neno, njia ni ile ile.

Paulo anasema wema wa Mungu ndio unaokuvuta upate kutubu. Miaka mitatu amekuvumilia, hajakuaibisha hadharani, hajakuachia usingizi. Huo ndio wema wake kwako, hata kama umeusikia kama mzigo.

Ukishapanga siku ya kuonana na mwenzako, niandikie siku na saa tu, bila jina lake wala mahali. Saa hiyo nitakuwa magotini.